Hesabu hewa kwanza: kupima hatari ya korona kabla ya safari, matanga na kuuguza nyumbani

Maswali ni yale yale, kutoka Nakuru hadi Busia. Je, niende mazishi? Nikirudi, nikae siku ngapi kabla ya kumkaribia mama mwenye sukari? Barakoa ya kitambaa inatosha ndani ya Nissan (matatu ya abiria 14)? Nimepimwa nikaambiwa sina, mbona bado nakohoa? Mwongozo huu unayajibu kwa hatua unazoweza kufuata ukiwa na kalamu na karatasi. Umeandikwa Julai 2021, kaunti za Kisumu, Siaya, Kakamega na majirani zao zikiwa chini ya kafyu ya saa moja jioni, na Delta, aina ya korona inayoambukiza kwa kasi, ikiwa imeenea kila upande. Masharti ya serikali yameshabadilika tangu hapo. Njia anazopita mdudu huyu hazijabadilika.

Nadharia ni kidogo tu. Aliyeambukizwa hutoa virusi anapopumua, zaidi anapoongea, na zaidi kabisa anapoimba au kulia kwa sauti. Matone makubwa huanguka ndani ya mita moja au mbili. Chembe ndogo hubaki zikielea kama moshi wa sigara, na chumba kikifungwa hurundikana. Mtu huanza kuambukiza wenzake siku mbili hivi kabla hajahisi lolote, kwa hiyo usimpime mtu kwa kumwangalia uso. Dalili kwa kawaida huja siku ya tano au ya sita baada ya kuambukizwa, lakini zinaweza kuchelewa hadi siku ya 14.

Kuna hatari kwenye vitasa vya milango na noti pia, ila ni ndogo ukiilinganisha na hewa. Hapo ndipo nguvu nyingi zinapotea: kiti kinapanguswa, mikono inamwagiwa sanitaiza mlangoni, halafu watu 40 wanafungiwa sebuleni kwa saa tatu kwa sababu nje kuna baridi.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Kalamu na daftari la kurasa chache. Utalihitaji zaidi ukipata mgonjwa.
- Barakoa. Ukiweza, N95 au KN95 (zile zinazobana uso na kuchuja chembe ndogo) mbili au tatu za safari na hospitali. Usipoweza, za hospitali zenye tabaka tatu. Za kitambaa ziwe na tabaka tatu pia.
- Sabuni, na mtungi wa lita tano uliotobolewa (kibuyu chirizi) kama huna mfereji.
- Jik au dawa nyingine ya klorini yenye lebo inayoonyesha asilimia.
- Kipimajoto.
- Oksimita, kile kifaa cha kubana kidoleni. Kama ni ghali, nyumba tano za boma moja zinaweza kuchangia kimoja.
- Kijiti cha udi au ubani. Matumizi yake yako Hatua ya 3.
- Nambari 719, ya Wizara ya Afya, ya bila malipo, na nambari ya mhudumu wa afya wa kijiji chenu. Ziandike ukutani kwa sababu simu ya mgonjwa huisha chaji wakati mbaya.

Hatua ya 1: Anza na aliye dhaifu kuliko wote nyumbani

Hatari yako haiishii kwako. Andika majina ya wote mnaolala paa moja, halafu weka alama ya msalaba mbele ya kila aliyepita miaka 60, mwenye sukari, presha, ugonjwa wa moyo, figo au mapafu, anayetibiwa saratani, mwenye HIV ambaye hajatulia kwa dawa, mwenye unene wa kupindukia, na mjamzito. Kama kuna msalaba hata mmoja, hesabu zako zote zinaongezwa alama 2 huko mbele.

Mwaka 2021, aliyechanjwa dozi mbili za chanjo ya AstraZeneca alikuwa na kinga nzuri dhidi ya kulazwa na kufa, ila bado aliweza kuambukizwa Delta na kuipeleka nyumbani. Dozi moja ni nusu ya kazi. Usimfutie mtu msalaba kwa sababu ya sindano moja.

Hatua ya 2: Ipe kila shughuli alama

Alama hizi hazikutoka maabara. Kazi yake ni kukusaidia kulinganisha shughuli moja na nyingine bila kubishana na shangazi. Jumlisha vitu vinne:

Hewa: nje kabisa 0, chumba chenye madirisha wazi pande mbili 1, wazi upande mmoja tu au mlango peke yake 2, kumefungwa 4. Kuruka kutoka 2 hadi 4 ni makusudi.

Muda: chini ya dakika 15 ni 0, hadi saa moja 1, saa moja hadi nne 2, zaidi ya hapo, au kulala huko, 3.

Watu wasio wa nyumba yako: hakuna 0; chini ya kumi 1; kumi hadi hamsini 2; zaidi 3.

Sauti: kimya 0, mazungumzo ya kawaida 1, kuimba, kulia, kupiga kelele 2.

Kama mko nje, jumla igawanye kwa mbili. Ongeza 2 kama nyumbani kuna msalaba. Kisha punguza kwa barakoa *utakayoivaa muda wote*: ya kitambaa au ya hospitali iliyolegea 1, ya hospitali iliyobana vizuri 2, N95 iliyobana 3. Ukijua utaivua ule, usipunguze chochote.

Jumla ikiwa 4 au chini, nenda kwa tahadhari za kawaida. Ikiwa 5 hadi 7, usiende mpaka ubadilishe kitu kimoja. Ikiwa 8 na zaidi, tafuta njia nyingine ya kushiriki.

Jaribu kwa mifano, ukiacha kwanza msalaba na barakoa. Nissan ya Nakuru–Kisumu yenye abiria wanane, madirisha yamefungwa, karibu saa nne, watu wanapiga gumzo: 4+2+1+1, jumla 8. Fungua madirisha pande zote mbili na inashuka hadi 5. Vaa N95 na uko 2. Gari ni lile lile na nauli ni ile ile.

Kinyozi mwenye mlango mmoja, dakika 40: 2+1+1+1, jumla 5. Mwambie aende nje chini ya mwembe, au nenda asubuhi ukiwa mteja wa kwanza. Duka la M-Pesa lenye mlango tu, dakika tano: 4. Kanisa la mabati lenye madirisha wazi kuta zote mbili, watu 60, saa mbili, nyimbo: 1+2+3+2, jumla 8. Ibada hiyo hiyo chini ya mti inakuwa 7 gawa kwa mbili, yaani 3 na nusu.

Mkesha sebuleni? 4+3+2+2. Jumla 11, na barakoa itavuliwa chai ikija.

Kosa la kawaida katika hatua hii ni kuhesabu tukio na kusahau safari. Mtu anapima kaburi, anapata 3, anafurahi, kumbe saa nne za kwenda na saa nne za kurudi ndizo zenye mzigo. Pima kila kipande peke yake, na kipande kibaya kuliko vyote ndicho kiamue.

Hatua ya 3: Fungua hewa, kisha hakikisha inatembea

Dirisha wazi si ushahidi kwamba hewa inapita. Washa kijiti cha udi katikati ya chumba, watu wakiwa wametulia. Moshi ukielekea upande mmoja na kutoka, hewa inapita. Ukipanda wima na kutandaa chini ya dari, chumba kimekwama hata kama dirisha liko wazi. Fungua mlango au dirisha la upande wa pili, urudie.

Ukiwa na feni, iweke dirishani ikitazama nje ili isukume hewa ya ndani itoke. Feni inayozungusha hewa ile ile ndani, madirisha yakiwa yamefungwa, inagawa pumzi ya mgonjwa kwa wote. Nyumba za udongo zenye nafasi kati ya ukuta na paa mara nyingi zina hewa nzuri kuliko nyumba za mawe zenye vioo na dari. Usizibe nafasi hiyo kwa magunia msimu huu.

Je, chumba alichokuwemo mgonjwa kisubiri muda gani? Hewa ikibadilika mara sita kwa saa, huchukua dakika 46 kuondoa asilimia 99 ya chembe zinazoelea. Ikibadilika mara mbili tu kwa saa, ni zaidi ya saa mbili. Kwa hiyo chumba chenye upepo wa kuonekana kisubiri saa moja. Kile cha mlango tu, kiache nusu siku.

Onyo: Molo, Londiani, Kericho na hata Nakuru usiku, watu huingiza jiko la makaa ndani na kufunga kila kitu. Gesi ya sumu ya jiko hilo (kaboni monoksaidi) huua kwa usiku mmoja, bila kukohoa. Vaa sweta mbili na uache dirisha wazi.

Hatua ya 4: Ibane barakoa

Barakoa nzuri iliyolegea ni ungo. Fuata hivi:

1. Nawa mikono. Shika kamba tu.
2. Waya wa pua uwe juu. Ufinyange kwa vidole viwili vya kila mkono kufuata umbo la pua, si kwa kuubana kwa vidole viwili vya mkono mmoja tu, maana hapo unatengeneza kijipembe kinachovuja.
3. Ya hospitali ikiachia pengo mashavuni, ikunje katikati kwa urefu, ufunge fundo kila kamba karibu kabisa na kitambaa, kisha uifungue na kuchomeka ndani zile pembe zilizobaki.
4. Toa pumzi kwa nguvu. Ukihisi upepo machoni, waya haujakaa. Ukiuhisi masikioni, ni mashavu.
5. Vuta pumzi. Barakoa iliyokaa sawa huingia ndani kidogo.

Ndevu nyingi haziafikiani na N95. Yenye kifuniko kidogo cha plastiki mbele hutoa pumzi yako bila kuichuja, kwa hiyo inakulinda wewe na kuwaacha wenzako. N95 usiifue wala kuipulizia sanitaiza, utaharibu kichujio. Iweke kwenye mfuko wa karatasi ulioandikwa siku, uizungushe na nyingine, uitupe ikilegea kamba, ikiloa au ikichafuka. Ya kitambaa fua kila siku kwa sabuni, anika juani, piga pasi.

Barakoa iliyovutwa kidevuni kisha ikarudishwa puani polisi alipotokea, kama ilivyokuwa mwaka 2021, hiyo tuseme ilikuwa tiketi ya barabarani tu.

Hatua ya 5: Safari

Mwaka 2021, Nissan ya abiria 14 ilitakiwa ibebe wanane. Ikiwa inajaza, shuka kabla haijatoka stendi, si njiani Salgaa. Ondoka asubuhi: mvua ya Kericho hupenda kunyesha alasiri, wakati ambao kila mtu atafunga kioo.

Kaa penye dirisha linalofunguka. Lijaribu kabla ya kulipa. Mwombe kondakta lifunguliwe lingine upande wa pili, na kama ni mawili tu, yawe ya kukingamana: la mbele kushoto na la nyuma kulia. Upana wa vidole vinne unatosha gari likiwa kasi. Kipande kigumu ni Mau Summit, ambapo baridi huingia na abiria wa nyuma hulalamika. Beba leso au jaketi la ziada, na ukiweza beba mbili, maana mwenye baridi akipewa leso husahau kioo.

Usile ndani ya gari. Kula Kericho, nje, umesimama mbali. Simu ndefu zipunguze. Ongea kwa ujumbe. Bodaboda ya abiria mmoja ni afadhali kuliko matatu kwa upande wa hewa, na tuktuk ya Kisumu iliyo wazi pande zote pia. Kwa upande wa ajali bodaboda ni hesabu nyingine kabisa.

Hatua ya 6: Matanga

Hapa ndipo tunapozungumza kwa urefu, kwa sababu huku kwetu kutokwenda kuzika ni jambo zito, na kumwambia mtu "baki nyumbani" si mwongozo.

Kwanza ondoa hofu isiyo na msingi. Marehemu haambukizi kwa pumzi, hapumui. Familia inaweza kumuona na kumzika kwa heshima. Epuka kumbusu na kumgusa uso, na kama umemgusa, nawa. Wanaoosha na kuvisha mwili wavae glavu, barakoa na aproni. Hatari iko kwa waombolezaji walio hai.

Gawa matanga vipande: siku za kukaa na wafiwa, mkesha, kuchukua mwili mochari, ibada, kaburi, chakula, kulala. Vipande vya nje vya mchana vinavumilika. Mkesha, kulala watu kumi chumba kimoja na disko matanga (dansi za usiku za matangani) havivumiliki. Kwa hiyo shauri familia hivi:

- Mwili utoke mochari asubuhi ya siku ya mazishi, uende moja kwa moja nyumbani, uzikwe siku hiyo hiyo. Mkesha unajifuta wenyewe bila mtu kugombana na wazee.
- Michango na rambirambi zipite kwa M-Pesa, na aliye mbali apigiwe simu ya video.
- Hema liwe paa tu. Zile kuta za turubai zikishushwa kwa sababu ya jua la saa tisa, mmetengeneza chumba kilichofungwa.
- Viti vipangwe kwa nyumba, familia moja pamoja, nafasi ya hatua mbili, halafu familia nyingine.
- Wazee wakae pembeni, upande upepo unakotoka. Katikati ya hema ndiko tunakowaweka kwa heshima, na ndiko kubaya zaidi.
- Kipaza sauti kitumike ili msemaji asipige kelele. Kisipitishwe mkono kwa mkono. Kisimame kwenye stendi.
- Kwaya iwe ya watu wachache, nje ya hema, upepo ukivuma kutoka kwa waombolezaji kuelekea kwao.
- Kumuona marehemu kuwe nje, mstari mmoja, kuingia huku na kutokea kule.
- Chakula kipakuliwe na wachache waliovaa barakoa. Kila mtu achukue sahani akale mbali. Wakati wa kula ndio barakoa zote ziko chini na kila mtu anaongea, kwa hiyo ufupisheni.

Ukilazimika kulala, omba simba (kibanda cha kijana) ya binamu ulale peke yako au na mliosafiri pamoja, dirisha wazi, neti imefungwa.

Ukirudi nyumbani kwenye msalaba: siku 14 za kujitenga ndizo salama. Wengi hawawezi. Basi, kwa uchache, lala chumba tofauti, kula nje, vaa barakoa ndani kwa siku saba za kwanza, na pimwa karibu na siku ya tano. Kupimwa kesho yake asubuhi ni kupoteza pesa. Virusi havijafika kiasi cha kuonekana.

Hatua ya 7: Mikono na Jik

Kwa ufupi, maana hili watu wengi wanalifanya vizuri. Nawa sekunde 20 kwa sabuni, hasa ukifika nyumbani na kabla ya kushika uso. Sabuni ya kipande ikiibiwa kwenye kibuyu chirizi, changanya gramu 30 za sabuni ya unga (vijiko vikubwa viwili hivi) kwa lita moja na nusu ya maji, weka kwenye chupa, toboa kifuniko. Sanitaiza iwe na alkoholi asilimia 60 au zaidi. Chang'aa, pombe kali ya kienyeji, si sanitaiza: hakuna ajuaye asilimia yake, na huenda ina methanoli.

Jik soma lebo. Ikiwa 3.5%: kwa meza, vitasa na sakafu, sehemu 1 ya Jik kwa 34 za maji, yaani karibu mililita 570 kwenye mtungi wa lita 20. Kwa matapishi, damu au choo cha mgonjwa, sehemu 1 kwa 6. Ikiwa ni 5%, basi ni 1 kwa 49 na 1 kwa 9. Osha uchafu kwanza, paka, subiri dakika kumi. Changanya upya kila siku, mbali na jua.

Usichanganye kamwe na dawa ya choo yenye asidi au siki. Hutoka gesi inayochoma mapafu. Na usimnyunyizie binadamu klorini, hata mlangoni mwa kanisa. Inaumiza macho na ngozi, na virusi vilivyo ndani ya pua haivifikii.

Hatua ya 8: Mgonjwa akiwa nyumbani

Homa ikianza, siku hiyo ndiyo siku ya 0. Iandike.

*Pima malaria na korona siku moja.* Kisumu, Siaya, Homa Bay, Busia na ukanda wote wa ziwa, homa inaweza kuwa malaria, korona, au zote mbili. Kipimo cha malaria kikisema ipo, meza dozi kamili ya AL (dawa ya malaria) ya siku tatu, lakini usimalizie hapo kama anakohoa au amepoteza harufu. Watu wamezidiwa wakisubiri dawa ya malaria ifanye kazi isiyo yake. Nakuru mjini malaria ni nadra, isipokuwa mgonjwa alitoka kanda ya ziwa karibuni.

*Mtenge.* Chumba chenye mlango wa nje au dirisha kubwa, mhudumu mmoja asiye na msalaba, wote wawili na barakoa wakiwa pamoja. Vyombo vyake vioshwe kwa sabuni ya kawaida. Havihitaji kuchomwa wala kutupwa.

*Andika mara tatu kwa siku:* joto, pumzi kwa dakika, oksijeni. Pumzi zihesabu dakika nzima, ukitazama kifua, bila kumwambia. Oksijeni: apumzike dakika tano, mkono uwe na joto, kucha bila rangi wala hina, subiri namba itulie karibu dakika moja ndipo usome.

Chini ya 94, piga simu upate ushauri siku hiyo hiyo. Chini ya 90, hospitali sasa hivi, hata usiku. Kuna mambo mawili ya kuangalia. Kwanza mwinuko: Kisumu ni karibu mita 1,130 juu ya bahari, Nakuru karibu 1,850, Molo karibu 2,500. Anayeishi juu huweza kuwa na namba ndogo kidogo hata akiwa mzima, kwa hiyo pima familia nzima leo, kabla ya ugonjwa, uandike. Kushuka kutoka namba yake ya kawaida ndiko kunakotisha. Pili, vifaa hivi huelekea kusoma juu kuliko hali halisi kwenye ngozi nyeusi. Ukiona 94, usijiambie "imepita tu".

*Siku ya 5 hadi ya 10 ndizo za kuchunga zaidi.* Wengi hupata nafuu siku ya nne, wakalegeza, kisha pumzi ikabadilika siku ya saba au nane. Kama namba yake ya kupumzika ni nzuri, mwache ainuke na kukaa kitini tena na tena kwa dakika moja, wewe ukiwa kando yake. Ikishuka kwa 3 au zaidi, mapafu yanaumia; tafuta daktari.

*Dawa (kipimo cha mtu mzima, si mtoto):* parasetamoli ya miligramu 500, vidonge viwili kila saa sita, visizidi vinane kwa saa 24. Angalia dawa za mafua za kemisti, nyingi zina parasetamoli ndani tayari. Maji, uji, supu. Alale kifudifudi akiweza, au ubavu, abadilishe kila saa moja au mbili. Deksamethasoni inasaidia mgonjwa aliyefikia kuwekewa oksijeni. Ukiinywa mapema inaweza kudhuru. Azithromaisini haiui virusi. Tangawizi, limau na asali hulainisha koo, kunywa tu. Kujifukiza hakuui virusi, na sufuria ya maji moto chini ya blanketi imeunguza watoto wengi, acha.

*Ishara za kutosubiri:* pumzi zaidi ya 30 kwa dakika, kushindwa kumaliza sentensi, kifua kubana, kuchanganyikiwa, usingizi usioamshika, midomo ya ndani au kucha kuwa na rangi ya buluu.

*Kumwachia (kwa mwongozo wa 2021):* siku kumi tangu dalili zianze, jumlisha angalau tatu bila homa wala shida ya kupumua. Aliyeugua siku mbili hutoka baada ya 13. Aliyeugua 14 hutoka baada ya 17. Harufu inaweza kuchelewa wiki kadhaa, haihesabiwi. Waliokuwa naye wahesabu 14 zao tangu walipomkaribia mara ya mwisho.

Mambo yakikwama

*Tunaishi chumba kimoja, mtaa wa Kaptembwo (Nakuru) au Manyatta (Kisumu), tutamtenga wapi?* Pazia halizuii hewa. Weka kitanda cha mgonjwa upande ambako moshi wa udi hutoka nje, wazima walale upande hewa inakoingilia. Mchana mgonjwa akae nje kivulini. Wote barakoa ndani. Mwenye msalaba ndiye ahamishwe, apelekwe kwa ndugu kabla hajaanza dalili. Akishaanza, asihamishwe kwenda kuambukiza nyumba ya pili.

*Kipimo kimesema sina, lakini nina homa na kikohozi.* Huenda ulipimwa mapema, au sampuli ilichukuliwa juu juu. Jitenge kama uliye nayo, rudia baada ya siku mbili.

*Oksimita inasoma 86, naye anacheka na kula.* Badilisha kidole, pasha mkono moto, jaribu kwa mtu asiyeumwa ujue kama betri ni nzima. Ikibaki hivyo, ni kweli. Korona hushusha oksijeni bila mtu kuhisi. Mpeleke.

*Miwani inapata ukungu.* Waya wa pua umelegea. Rudi Hatua ya 4, namba 2.

*Abiria wamekataa kufungua kioo.* Fungua chako, kaza barakoa, na ukiona wanakohoa nyuma yako, hamia kiti cha mbele gari likisimama Londiani.

*Mzee amekataa katakata kuukosa mkesha wa nduguye.* Mpe saa moja, nje, kando ya moto, kiti chake upande upepo unakotoka, N95 usoni, na kijana mmoja wa kumrudisha kulala kabla chai haijaanza kuzunguka.